Mkaguzi wa Pasi

Katika duka lile la dobi kila mtu alikuwa na kazi yake, na wawili walikuwa na majina ya utani. Mama mwenye duka alipokea nguo na kunyoosha mashati magumu, yale ya kola ngumu na mikono mirefu. Shangazi, wifi yake, alikunja nguo, akazifunga na kuzipeleka kwa wenyewe, na kwa kuwa mdomo wake haukuwa na kifuniko, wateja walimwita Redio. Binti alinyoosha mashuka na sare, na jioni yeye ndiye aliyefunga duka. Yeye walimwita Mkaguzi.

Jina hilo alilipata kwa heshima. Jioni moja, akiwa ameshafunga mlango na kuanza kuondoka, roho haikumtulia. Akarudi. Akakuta pasi imelala kifudifudi juu ya blanketi la mezani, na blanketi limeshaanza kuwa kahawia. Akachomoa plagi, akafungua madirisha, akanyunyiza maji. Kesho yake mama alimsifu mbele ya wateja mpaka binti akaona haya.

"Huyu mtoto ana macho mpaka kisogoni," mama alisema. "Bila yeye leo tungekuwa tunazoa majivu."

"Mkaguzi Mkuu wa Pasi!" shangazi akadakia, akampigia saluti kwa hanga ya nguo. Wateja wakacheka. Binti naye akacheka.

Basi tangu hapo ikawa ndiyo kazi yake. Wakitoka, mama husema, "Mkaguzi, hebu rudi kaangalie." Anarudi, anaangalia, anakuja. Wakifika kwenye kona shangazi naye husema kwa utani, "Na ile pasi nyingine je?" Wao wanatania. Yeye anarudi kweli.

Sasa hapa ndipo mzazi anayesoma anatakiwa afungue macho, maana ugonjwa mwingine hauingii nyumbani unakohoa. Unaingia umevaa sura ya bidii. Binti alianza kurudi bila kutumwa. Akiangalia swichi, akifunga mlango, kabla hajavuka barabara anajiuliza: nimeona kweli, au nimeona ya jana? Anarudi tena. Akawa anapiga picha swichi kwa simu ili akifika nyumbani aitazame. Halafu picha nayo akaanza kuitilia shaka. Je, kama niligusa swichi baada ya kupiga?

Baadaye haikuwa pasi tu. Yuko kwenye foleni ya maji, moyo unaanza kumwenda mbio kama mtu aliyefukuzwa. Vidole vinakufa ganzi. Kifua kinabana, pumzi inakuwa fupi, jasho jembamba linamtoka mgongoni wakati wenzake wamejifunika kwa baridi. Usingizi ukawa wa mang'amung'amu. Chakula kikawa hakipiti. Mama alipomwona anapungua alisema ni simu, simu ndiyo inayomnyonya. Akampikia uji mzito na kumsimamia mpaka amalize.

"Kula mwanangu. Mwanamke wa kazi hawezi kuwa mwembamba kama kamba ya kuanikia."

"Nakula, mama."

"Unakula huku unatazama mlango. Nani anakuja?"

Hakuna aliyekuwa anakuja. Hilo ndilo lililokuwa linamtisha: kwamba anaogopa kwa nguvu zote na hakuna anayekuja.

Aliyemshtukia alikuwa mteja, muuguzi wa zahanati ya mtaa wa nyuma, aliyekuja kuchukua sare zake. Alimkuta binti peke yake, amesimama mbele ya swichi ya ukutani, anaiwasha na kuizima, midomo inatetemeka.

"Dada mdogo," muuguzi alisema kwa sauti ya chini, "hiyo swichi imekukosea nini?"

Binti akajaribu kucheka. Badala ya kicheko yakatoka machozi. Muuguzi hakumuuliza mengi. Alimwambia tu kwamba Jumatano huja daktari wa mambo ya akili pale zahanati, huja asubuhi na kuondoka mchana, na kwamba mtu haendi kwake kwa sababu ni kichaa. Mtu huenda kwa sababu anaumia.

Jioni ile binti alijikaza kisabuni akamwambia mama yake kuhusu daktari wa pale zahanati. Mama alikuwa anakunja suruali. Mikono yake ikasimama.

"Daktari wa akili?"

"Ndiyo, mama. Nahisi siko sawa."

"Nani amekwambia hauko sawa? Unafanya kazi, unaheshimu watu, hujaokota makopo barabarani." Akaangalia mlangoni, akashusha sauti. "Unajua watu wakisikia? Nani atamletea nguo zake mgonjwa wa akili mwenye pasi ya moto mkononi? Unataka tufunge duka?"

Shangazi akaingilia kwa namna yake. "Wifi, muache. Mtoto kaolewa na pasi, sasa anataka talaka."

Mama hakucheka. "Utapumzika Jumapili. Itaisha."

Mama huyu hakuwa na roho mbaya, lieleweke hilo. Alikuwa anaogopa. Na mtu anayeogopa hamsikii mwingine anayeogopa. Kila mmoja anasikia moyo wake mwenyewe.

Jumapili ilipita na haikuisha. Jumanne binti aliunguza foronya ya mteja, si kwa uzembe bali kwa sababu mkono uligoma kunyanyuka. Alisimama ameganda, anaona moshi, anasikia masikio yakivuma, hawezi kusogea. Shangazi ndiye aliyempokonya pasi. Usiku binti hakulala. Alijiona amefika mahali ambapo akirudi nyuma kidogo tu, hatatoka tena ndani ya nyumba.

Jumatano, jua likiwa limepanda, alimwambia mama yake anakwenda kununua uzi na sabuni. Akaondoka mikono mitupu.

Zahanati ilikuwa na korido ndefu yenye mabenchi pande mbili, sehemu ya chini ya ukuta imepakwa rangi ya kijivu ili uchafu wa mabega usionekane. Muuguzi alimwona, akamwonyesha mahali pa kukaa karibu na mlango wa mwisho, akarudi kwenye kazi zake. Waliokuwa mbele yake walikuwa wachache. Mzee mwenye kofia mkononi. Mama mmoja na mtoto wake mkubwa. Hakuna aliyemtazama mwenzake sana.

Alikaa vizuri kwa kitambo. Kisha, bila kuitwa, swali likaja: shuka la mwisho ulipolinyoosha, pasi uliiacha wapi?

Akajijibu: mama yuko dukani, anaitumia.

Je, kama mama ametoka? Kama yuko nje anaongea na mteja? Unalijua blanketi lile, limeshaungua upande mmoja.

Magoti yakaanza kuchezacheza. Akayashika. Mikono nayo ikaanza. Kifua kikajifunga kama fundo la mzigo, na hewa ikawa inaishia kooni. Alijua akisimama ataondoka, na akiondoka atakimbia mpaka dukani, na akifika atakuta pasi iko salama, atatulia kwa muda mfupi kama mtu aliyekunywa maji ya chumvi, halafu kiu itaanza upya. Yote hayo aliyajua. Kujua hakukumsaidia kitu. Akatoa simu.

"Haloo? Wewe, uzi unausokota mwenyewe?" mama akapokea.

"Mama, pasi iko wapi?"

"Pasi? Si hii hapa mkononi, nanyoosha shati la mwalimu mkuu. Mbona unahema hivyo? Uko wapi?"

"Umesimama nayo? Unaiona?"

"Mwanangu, uko wapi?"

Hapo hapo muuguzi akatokea mlangoni na kuita kwa sauti ya kazi, sauti inayofika mwisho wa korido: "Wale wa daktari wa akili, sogeeni huku, nafasi zimepatikana!"

Binti akakata simu. Lakini neno lilikuwa limeshafika.

Mzee mwenye kofia akaingia, akatoka. Yule mama na mtoto wake wakaingia. Binti alibaki peke yake kwenye benchi, macho kwenye mlango wa daktari, masikio kwenye mlango wa nje. Na kweli, hazikupita dakika nyingi akasikia kandambili zinapiga sakafu kwa haraka, na mama yake akatokea kwenye korido, aproni bado kiunoni, pini za nguo zimechomekwa kifuani, anahema.

"Inuka," mama alinong'ona. Mnong'ono wake ulikuwa mkali kuliko kelele. "Inuka twende nyumbani kabla hujaonekana."

"Mama, shikamoo."

"Usiniletee shikamoo hapa. Umenidanganya. Uzi! Mimi nakusubiri na uzi, kumbe umekuja kujiandikisha wendawazimu!"

"Sijaja kujiandikisha. Nimekuja kusaidiwa."

"Nitakusaidia mimi. Mimi ndiye niliyekuzaa."

Binti alikuwa na majibu ya kumpa. Lakini aliona aproni, akaona zile pini.

"Mama. Nani yuko dukani?"

"Shangazi yako amepeleka mashuka, atarudi."

"Kwa hiyo hakuna mtu."

"Nimefunga mlango."

"Na pasi?"

Mama akafungua mdomo. Jibu lilichelewa. Lilichelewa kidogo tu, lakini kwa mtu aliyekuwa anaishi ndani ya swali hilo, kuchelewa huko kulikuwa kurefu kama korido yote.

"Nimezima," mama akasema.

"Umezima, au unadhani umezima?"

"Nilikuwa nanyoosha shati. Ukapiga simu. Nikasikia yule mtu anaita, nikasikia daktari wa akili, nika..." Akashika kichwa. Uso wake ukabadilika. Kwa mara ya kwanza binti aliona kwenye uso wa mtu mwingine kile alichokuwa anakibeba peke yake kila siku. "Sikumbuki. Wewe mwanangu, sikumbuki niliiweka vipi. Ilikuwa mkononi."

"Mama!"

"Kimbia! Wewe una mbio, mimi magoti yangu unayajua. Wewe ndiye Mkaguzi, kimbia kaangalie!"

Miguu ya binti ilishasimama yenyewe. Ilikuwa miguu iliyozoea amri hiyo. Akageuka kuelekea mlango wa nje, na wakati huohuo nyuma yake mlango wa daktari ukafunguka, yule mama na mtoto wake mkubwa wakatoka, na sauti ya mwanamke ikasema kwa upole, "Anayefuata. Ni wa mwisho, nadhani."

Akasimama katikati ya korido. Mbele mwanga wa mlango wa nje. Nyuma mlango ulio wazi. Moyo ulipiga mpaka akauona ukitikisa blauzi. Safari hii haikuwa dhana. Safari hii huenda pasi ilikuwa imelala kweli juu ya shati, na shati juu ya blanketi, na blanketi juu ya meza ya mbao, na juu ya meza kuna nguo za mtaa mzima zimening'inia. Kila kitu ndani yake kilisema nenda. Na alijua akienda leo, wakati kuna sababu ya kweli, basi kesho na keshokutwa sababu za uongo zitapata nguvu mara dufu, na Jumatano nyingine hatafika hapa. Hatafika popote.

"Mama, nisamehe," alisema, na sauti haikuwa kama yake. "Pasi hiyo umeiwasha wewe. Nenda wewe. Mpigie shangazi simu huku unakwenda. Mimi naingia."

"Unaniacha na moto?"

"Naingia, mama."

Akaingia. Hakugeuka, maana angegeuka asingeweza. Alisikia kandambili zikipiga sakafu tena, mbio, zikipotea nje.

Daktari alikuwa mwanamke wa makamo aliyevaa nguo za kawaida, miwani imeshushwa kwenye ncha ya pua. Alimwonyesha kiti. Binti hakukaa.

"Duka letu huenda linaungua sasa hivi," alisema.

Daktari hakucheka wala hakushtuka. "Kuna mtu amekwenda?"

"Mama."

"Na wewe unataka kwenda?"

"Mwili wote unataka. Miguu inaniwasha. Lakini nikienda sitarudi hapa."

"Basi simama kama kusimama ndiko unakoweza. Nieleze ukiwa umesimama."

Akaanza kueleza. Mwanzoni maneno yalitoka vipande vipande, kama nguo zinazotolewa kwenye maji moja moja. Moyo, vidole, kifua. Swichi. Picha za simu. Kila baada ya sentensi alinyamaza kusikiliza kama kuna kelele za moto mtaani. Daktari alisubiri, hakumharakisha. Alimuuliza kuhusu usingizi na chakula, akamuuliza kama kuna ndugu aliyewahi kuwa hivyo. Akamuuliza pia, bila kuzunguka, kama amewahi kufikiri ni afadhali asiwepo. Binti akashusha macho.

"Sijafikiri kufa. Nimefikiri kuchoka."

"Asante kwa kuniambia," daktari akasema. "Na kama siku moja hilo la kwanza likija, usilifiche. Njoo siku yoyote, si Jumatano tu, mwone muuguzi."

Simu ikaita mkononi. Jina la shangazi. Binti akamtazama daktari, daktari akamwachia mwenyewe aamue. Akapokea.

"Wewe Mkaguzi uko wapi wewe?" Sauti ya shangazi ilijaza chumba. "Mama yako kanitia kiwewe kwenye simu, nimekimbia na mashuka kichwani kama mwizi! Nafika, moshi unatoka chini ya mlango! Nimefungua kwa ufunguo wangu, nimechomoa plagi, nimemwaga ndoo, nimemwaga na ya pili, meza imekuwa bwawa! Shati la mwalimu mkuu lina tundu, mtu anaweza kupitisha kichwa! Mtoto, unasikia? Moto umezimika. Nimesema umezimika. Mama yako ndiyo anaingia sasa, amekaa chini, analia na kucheka. Sijui nimpe maji au nimmwagie."

Binti alikaa. Si kwa kuamua, miguu tu ilimaliza kazi. Akaanza kulia kwa kwikwi, na katikati ya kwikwi mara kicheko kikampenya, kwa sababu ya lile tundu.

Baadaye akafuta uso. "Umeona, daktari? Inatokea kweli. Sikuwa naota."

"Inatokea," daktari akakubali. "Siwezi kukuahidi kwamba haitatokea tena. Leo imetokea na hukuwepo, na watu wazima wawili wameishughulikia. Wewe ulikuwa unabeba kazi ya watu watatu na moto wa kila siku, hata siku ambazo hapakuwa na moto." Akaweka miwani vizuri. "Sitakubandika jina la ugonjwa leo kwa haraka. Tutapima damu kwanza, maana mara nyingine mwili wenyewe unaufanya moyo uende mbio. Lakini ninayoyasikia yanafanana na hofu iliyopita kiasi. Ni jambo linalojulikana na lina tiba yake. Haitakuwa ya siku moja. Utakuja, tutaongea, utajifunza kukaa na hofu bila kuitii. Ikibidi dawa, tutaongea kuhusu dawa pia."

"Mimi si kichaa?"

"Wewe umechoka na unaogopa. Na umekuja kwa miguu yako, hiyo si haba."

Mlango ukagongwa kidogo. Muuguzi akachungulia akasema kuna mama yupo nje, hataki kuondoka na hataki kukaa. Daktari akamuuliza binti kama angependa aingie. Ilikuwa mara ya kwanza mtu kumuuliza hivyo.

"Aingie."

Mama akaingia akiwa na pindo la gauni limelowa, ananuka moshi na sabuni. Aproni alikuwa ameivua na kuikunja mkononi kama mtu aliyekuja msibani. Akakaa ukingoni mwa kiti. Akamsalimia daktari kwa adabu, kisha akashindwa kuvumilia.

"Daktari, niambie tu. Akili zimemruka?"

"Hapana, mama. Anaumwa hofu. Nilikuwa karibu kumuuliza ilianza lini."

Mama akajisogeza mbele. Uso ulipata kazi ya kufanya, ukatulia kidogo. "Hilo nitakueleza mimi. Huyu tangu mdogo ni mwangalifu mno. Viatu vyake mwenyewe alikuwa anavipanga, na pale dukani hakuna mwangalifu kama yeye, sisi hata tulikuwa tunamwita..."

"Mama."

"Eeh?"

"Haukuwa uangalifu."

Nje kwenye korido mtu alisogeza benchi. Binti aliangalia mikono yake, ilikuwa bado inatetemeka, akaiacha itetemeke.

"Unakumbuka siku ile ya mvua kubwa," alisema, "nilipofika nyumbani nimelowa chapachapa mkasema nilipitia kwa rafiki?"

"Nakumbuka. Ukasema ulirudi kufunga dirisha la dukani."

"Hapakuwa na dirisha lililoachwa wazi, mama. Nilisimama nje ya mlango nikiwa na ufunguo mkononi. Nafungua, naangalia, nafunga, nafika barabarani, narudi. Mvua inapiga. Nilikuwa najiambia hii ya mwisho, hii ya mwisho. Mlinzi wa duka la jirani alinihurumia akaniletea gunia nijifunike. Nilikuwa nalia, na sikuweza kuondoka."

Macho ya mama yakahama kwa daktari, kana kwamba anaomba amsaidie, lakini daktari alikuwa anamsikiliza binti.

"Siku ile," mama alisema polepole, "mimi nilikusifia mbele ya shangazi yako."

"Ulinisifia."

"Nikasema wengine waige."

"Ndiyo, mama."

Mama akaitazama aproni mapajani mwake. Akaikunjua, akaikunja upya, kisha akaiweka sakafuni, mikono ikabaki mitupu.

"Na siku nyingine?" akauliza. "Zipo nyingine?"

"Zipo nyingi."

"Basi sema," mama alisema, na safari hii hakuongeza neno.